Nélida Rocabado Claros, Aliyeagiza Kifo Chake Kiripotiwe

Baba paroko, majirani wa Cliza, wenzake wa redioni, na nyinyi mliokuja moja kwa moja kutoka shambani, familia imenituma mimi Wilfredo, kitinda mimba wa nyumba hii, niwasomee maisha ya dada yetu Nélida, na kwa kuwa yeye mwenyewe aliniagiza nisipambe wala nisifiche, mtanivumilia nikikawia kwenye sehemu ambayo kwa kawaida tunaipita haraka.

Nélida alizaliwa tarehe 9 Agosti 1961 katika kijiji cha Mollepata, mtoto wa pili wa marehemu mzee Anselmo Rocabado na marehemu mama Justina Claros, akimfuata dada yetu Domitila, aliyeketi hapa mbele, na tangu utotoni wawili hao walikuwa chanda na pete. Alianza shule ya msingi kijijini mwaka 1968, akamaliza sekondari hapa Cliza mwaka 1980, darasani akiwa wa kawaida tu, isipokuwa kwa udadisi, maana kila mwalimu alichoshwa na swali lake, "Umejuaje?"

Tarehe 3 Machi 1983 aliajiriwa na Redio Sauti ya Bonde kusoma matangazo kwa Kikechua, lugha yetu ya nyumbani, ya ng'ombe waliopotea, misa za marehemu, bei ya viazi, hadi mwaka 1994 alipopewa kipindi chake mwenyewe, Tumeuliza, ambacho kazi yake ilikuwa kuchukua jambo linalovuma sokoni na kulifuata mpaka lilikoanzia. Mwaka 2003 zilipovuma habari kwamba chanjo ya surua inaozesha mikono ya watoto, wakubwa wa afya walimtaka akanushe tu, yeye akapanda lori la vitunguu akaenda kuwaona watoto wenyewe, akakuta kweli mikono imetunga usaha, kwa sababu katika kituo kimoja, ambacho sitakitaja, dawa iliyochanganywa asubuhi haikumwagwa jioni, bali iliendelea kuchomwa kesho yake, naye akalitangaza lilivyo, kwamba dawa ni nzima na uzembe ni wa watu, na wakubwa wakanuna mwaka mzima. Ndiyo maana siku nyingine aliposema jambo si kweli, hata wasiompenda walimsikiliza.

Alifunga ndoa na shemeji yetu Severo Montaño, fundi wa kuchomelea vyuma, tarehe 14 Februari 1987, katika kanisa hili hili, wakajaliwa watoto wawili, Maribel, tuliye naye hapa, na Gonzalo, anayetusikiliza kwa simu kutoka Bergamo alikokwenda kutafuta maisha. Severo hupenda kusema, "Mimi nimeoa polisi, ukimwambia mvua inakuja anataka kujua nani kakwambia," na hata juzi alisema hivyo, kisha akatoka nje akalia.

Sasa nafika pagumu. Mwezi Julai 2021 mume wa Domitila, shemeji Eleuterio, alichanjwa chanjo ya korona, na siku chache baadaye akafariki kwa kiharusi, na kifo chake kikaingizwa kwenye ripoti za serikali za matukio yanayofuata chanjo, kama kanuni inavyotaka. Haukupita muda ukaanza kuzunguka kwenye simu ujumbe wa sauti, ukisema serikali yenyewe imekiri kwamba chanjo imeua watu zaidi ya mia mbili, na ushahidi wake ni ripoti hizo hizo. Nélida alizisoma zote, akaeleza hewani kwamba ripoti hizo hupokea kila kilichotokea baada ya sindano, kwa sababu yoyote ile, ili wataalamu wakichunguze, hata mtu aliyegongwa na trekta yumo, na kwamba anayetaka kujua kama chanjo inaua lazima alinganishe idadi hiyo na ya watu wa umri ule ule wanaofariki wiki yoyote bila kuchanjwa, kisha akamalizia kwa utani juu ya mote, mahindi yetu ya kuchemsha ya kila siku, "Jamani, hesabuni waliofariki baada ya kula mote, mtajaza daftari, kwani nani hapa hali mote?"

Soko zima lilicheka. Domitila hakucheka, kwa sababu mmoja wa waliohesabiwa alikuwa mumewe, na masikioni mwake ilikuwa kana kwamba mdogo wake anamfanyia marehemu mzaha. Alimwambia mlangoni, "Wewe una namba zako, mimi nina kitanda kitupu," na kwa karibu miaka mitatu hawakula sahani moja, hata Krismasi, mimi nikawa mpeleka salamu kati ya nyumba mbili zinazotazamana. Nélida aliujutia ule utani mpaka mwisho, ingawa maelezo yenyewe hakuyafuta, maana yalikuwa kweli.

Kuhusu maradhi yake, tangu mwaka 1998 tulijua kwamba ana Chagas, ugonjwa wa wale wadudu wa kwenye nyufa za kuta za udongo, ambao hukaa kimya miaka mingi huku ukiuvimbisha moyo, na mwaka 2016 aliwekewa kifaa cha kuongoza mapigo. Tangu sherehe za Kanivali za Februari mwaka huu hakuweza kupanda ngazi za redio bila kuketi katikati. Tarehe 14 Mei 2024 alichanjwa chanjo ya mafua, kama wagonjwa wa moyo wanavyoshauriwa, na tarehe 20 Mei alilazwa, akihema kwa shida. Domitila alifika wodini na supu ya karanga, akamlisha, wakaongea habari za mahindi, na la shemeji Eleuterio hawakuligusa.

Akiwa kitandani alimwambia Daktari Ximena Terrazas, "Nikifa, niandikie ripoti ya chanjo." Daktari akasema, "Mama Nélida, wewe na mimi tunajua ni moyo huu." Akajibu, "Kanuni haisemi andika unachoamini, inasema andika kilichofuata. Nikirukwa mimi kwa sababu ni mimi, basi wanaosema tunaficha watakuwa wamesema kweli." Alifariki tarehe 2 Juni 2024, saa tisa alasiri, kwa moyo kushindwa kufanya kazi kutokana na Chagas, na ripoti imeandikwa, kwa hiyo naye sasa yumo katika zile hesabu.

Familia inamshukuru Daktari Terrazas na wauguzi wake, majirani waliochimba kaburi na kuchemsha kahawa, wenzake wa redio, na hata waliopiga simu kipindini kumtukana, kwa maana walikuwa wakisikiliza.

Jambo la mwisho. Jana, jeneza likiwa sebuleni, ujumbe mpya ulianza kuzunguka, kwamba Nélida wa redio kauawa na chanjo aliyoitetea, na jamaa mmoja, akikijua kinyongo cha Domitila, alimfuata na simu ili amrekodi akithibitisha. Domitila aliweka chini majani ya koka aliyokuwa akitafuna, akasema, "Kwa mume wangu bado kuna mtu namdai maelezo, hilo siliachi. Lakini huyu ni mdogo wangu, tangu Kanivali alikuwa anahema kama kuku, nimemwona kwa macho yangu. Usimtie kwenye ujumbe wako." Yule bwana akazima simu. Domitila akamwamuru aiwashe, akayarudia yote tangu mwanzo, polepole, na sauti hiyo ndiyo inayozunguka bondeni tangu asubuhi.

Pumzika kwa amani, Nélida, dada yako amekusemea.