Mzee Hesketh Anatuachia Misumeno Tisa

Tarehe 31 Mei, baada ya miaka thelathini na minne katika karakana ya Kazi za Umma, Mzee Hesketh Valmond anavua aproni yake. Kesho yake msimu wa vimbunga unaanza. Kusema kweli, tarehe hiyo ilitutia baridi. Upepo ukiangusha miti, barabara zetu za mlimani hufunguliwa kwa misumeno ya mnyororo, na yote tisa ilikuwa ikimsikiliza yeye tu.

Aliajiriwa kufyeka majani kando ya barabara. Fundi wa zamani alizoea kurekebisha kila kitu kwa nyundo. Hesketh akashindwa kuvumilia, akaomba tupa, na hakuirudisha tena. Baadaye akaweka sheria yake: anayegusisha mnyororo kwenye jiwe atalisha kikosi kizima asubuhi inayofuata, mikate ya kukaanga na samaki wa chumvi. Wengine tulilisha watu mpaka wake zetu wakaanza kuuliza maswali.

Mimi ninayeandika haya, wiki ile ya kimbunga Maria, nilifunga mnyororo kinyume, nikaukandamiza kwenye gogo mpaka moshi ukafuka. Mzee akaja taratibu. “Etienne, unakata mti au unabanika samaki?” Mpaka leo naitwa Mbanika Samaki. Lakini wiki hiyohiyo alitembea kwa miguu kutoka kikosi hadi kikosi, kopo la vifaa begani, akisafisha machujio na kunoa minyororo juu ya boneti za magari yaliyokwama.

Mwezi Januari alibadilika. Ukimpelekea msumeno uliokufa, anatia mikono mfukoni na kukutazama. Tulinung’unika sana. Sylvanie Durand wa kikosi cha pili, ambaye hana simile, alimwambia usoni, “Mzee, siku hizi unalipwa kusimama?” Akajibiwa, “Mpaka Mei tu, mwanangu. Fungua hiyo plagi.”

Wiki mbili zilizopita mti mkubwa uliangukia barabara ya Pont Cassé, gari la wagonjwa likiwa limekwama upande wa pili na mtu ndani. Msumeno ukagoma. Sote tukamgeukia Mzee, naye hakusogea. Sylvanie akapiga magoti kwenye lami, akaitoa plagi, akaikuta imelowa mafuta, akaikausha kwa shati lake, akakung’uta chujio, akavuta kamba. Mara ya tatu ukanguruma. Mzee akageuka pembeni kufuta macho. Alisema ni unga wa mbao, na mti ulikuwa bado haujakatwa hata kidogo. Gari lilipopita, akatuambia, “Haya. Sasa naweza kwenda.”

Mzee Hesketh, tunakushukuru kwa moyo wote, na tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na viazi vinene shambani. Kimbunga kikija mwaka huu, wewe kaa ndani. Sisi tutakuja kukufungulia njia.