Kilomita Nzima ni Sifuri

Pikapu ilishavuka mito mikavu yote kati ya Lodwar na Kakuma, na Caritas, abiria Mrundi, hajapata hata lepe la usingizi. Mbele yake, juu ya magunia, abiria wawili waligombania mtungi wa maji ambao haukuwepo.

Mtungi wenyewe ulikuwa kwenye karatasi ya mtihani wa 2013 ya Achol, mama wa watoto watatu aliyerudi shule ukubwani. Swali lilitaka nishati ya mtungi wa kilo ishirini uliotwikwa kichwani. Achol alizidisha ishirini kwa kumi, kisha kwa mita elfu moja, yaani kutoka bombani hadi kwake. Akapewa sifuri.

"Mama, tunahesabu kimo tu," Adolphe, mwalimu Mkongo, alisema kwa mara ya nne. "Kutoka chini mpaka kichwani, mita moja na nusu. Ni jouli mia tatu, basi."

"Na kutembea?"

"Njia ni tambarare. Haiongezi kitu."

"Kilomita nzima, jua la saa saba, shingo inawaka moto, haiongezi kitu? Huyo aliyetunga hii hesabu alikuwa anachotewa maji na nani?"

 Caritas, ambaye amebeba maji tangu Burundi, usingizi ulimtoka kabisa.

Pikapu ikasimama Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi. Adolphe akashuka, akaomba atwikwe gunia lake la maharagwe. Achol akaliinua, akamtwika kichwani.

"Haya, mwalimu, hesabu imeishia hapo," akasema. "Iliyobaki ni sifuri. Tembea."