Vivimbe Viwili vya Mkulima wa Ilembo

Benchi la taruma, gogo kuukuu la reli, mkabala na geti la hospitali pale Mpanda mjini, lilijaa kabla Kabula, muuza kahawa, hajamimina kikombe cha kwanza. Yustina, karani wa bima wa hospitali, alikaa pembeni, fomu ya bima mapajani, kahawa yake akiwa hata hajaionja. Daktari alimtoa mkulima wa Ilembo vivimbe viwili mgongoni, maabara ikavipima. Sasa namba ya kipimo iandikwe mara moja au mara mbili? Watu wa bima walishairudisha fomu mara mbili. Ikirudi tena, bosi alisema, mkataba wake wa majaribio hauongezwi. Mwisho wa kuipeleka ni leo saa sita mchana.

— Isome tena hiyo sheria, alisema Bucha, muuza nyama.

— “Kila sampuli na namba yake,” alisoma Yustina.

— Basi mbili! Nikichinja mbuzi, maini kivyake, figo kivyake. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Mgeni katokea wapi tena? aliuliza Kabula.

— Si huyo uvimbe!

Breki, mstaafu wa reli, aliguna.

— Nyie hamjasafiri. Mabehewa kumi, treni moja. Mgongo mmoja, namba moja. Haraka haraka haina baraka.

— Mzee Breki, hivyo ni Kulwa na Doto, alidakia Kabula. Pacha hawaandikwi jina moja!

— Basi Doto apakatwe. Mtoto wa kupakatwa hakati tiketi.

Yustina alicheka bila kupenda. Alikuwa ameandika mbili, akafuta, akaandika moja, akafuta. Karatasi ilianza kuota kitundu.

Pacifique, bodaboda anayebeba mizigo ya maabara, akasimamisha pikipiki. Akasikiliza kidogo.

— Dada Yustina, kwani vililetwa kwenye chupa ngapi?

Bucha akamtazama Breki, Breki akatazama kikombe.

Yustina alihisi masikio yanawaka moto. Maelezo ya daktari alikuwa ameyakariri mpaka nukta na mikato. Daftari la maabara la kupokelea chupa hakulifungua hata siku moja. Chupa moja, sampuli moja. Chupa mbili zenye lebo, sampuli mbili.

— Saa ngapi?

— Tano na nusu.

— Pacifique, nipeleke maabara. Mlango wa nyuma!

— Na kahawa yako, mwanangu? aliita Breki.

— Gawaneni!

Bucha akanyoosha mkono achukue kikombe kitupu. Kabula akakidaka.

— Mkigawana, nahesabu viwili.

— Kahawa si ileile moja?

— Mie nahesabu vikombe.