Historia ya Fundi Pima Maji, Aliyenyanyua Magari Nyuma

Ndugu, jamaa na majirani, anayewasomea historia hii ni kifungua mimba wa marehemu, fundi wa magari kama baba yake, ambaye jana familia ilimwomba aandike maneno mazuri, naye akaahidi kuandika ya kweli.

Marehemu, mliyemjua kwa jina la Fundi Pima Maji, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa nne wa mhunzi, akasoma shule ya msingi ya mtaani kwao kuanzia 1966 hadi 1972, akaiacha baada ya kumsahihisha mwalimu wa hesabu, na hata alipogundua kwamba mwalimu ndiye aliyekuwa sahihi, hakurudi.

Tarehe 3 Februari 1975 aliajiriwa kwenye gereji ya springi nyuma ya stendi ya malori, na tarehe 1 Juni 1989 akafungua yake, yenye shimo moja na foleni ya magari makubwa ya familia, yale yanayokaa kitako kila mwenyewe akipakia vitu vizito kwenye kichanja cha chuma kilichochomekwa nyuma, penye ndoano ya kuvutia tela. Marehemu aliongeza springi, akasukumia mpira mgumu, akaweka pima maji ya waashi juu ya boneti, na kiputo kikikaa katikati alilipiga gari kofi, akasema limepona, lete jingine.

Alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1986 na fundi cherehani, huyu mliyemwona akiingizwa kwa kiti cha magurudumu, wakajaliwa watoto watatu, wawili waliomwogopa na mmoja aliyerithi ubishi wake. Huyo mmoja, binti anayewasomea sasa, aliyezaliwa tarehe 6 Mei 1988, alirudi kutoka chuo cha ufundi na mizani mbili, akaziweka chini ya magurudumu ya mbele, akamwonyesha baba yake kwamba mzigo unaoning'inia nyuma hunyanyua pua ya gari kama mtoto mnene kwenye pembea ya ubao, na kwamba springi ngumu huinua mkia tu, uzito wa mbele haurudi, usukani unabaki hauna cha kushika. Marehemu alimjibu mbele ya wateja, ambao baadhi yenu mlicheka, kwamba mizani ni ya bucha, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Jumamosi tarehe 29 Julai 2023 alipakia kwenye kichanja cha gari lake mashine ya kuchomelea na mitungi yake, kilo mia mbili na kumi, kiputo kikakaa katikati kabisa, binti akamsihi mama yake ashuke, marehemu akamwuliza mkewe ameolewa na yeye au na mizani, naye mama wa watu akafunga mkanda. Kwenye mteremko wa kwanza, lami ikiwa imelowa, marehemu alikata kona mpaka mwisho wa usukani, gari likanyoosha mpaka ukutani. Mkewe alimsikia mkuu, na guu la kushoto ndilo alilokatwa.

Marehemu alilazwa siku kumi na moja, hakuulizia guu la mtu, aliuliza kama springi zilivunjika, akaambiwa hazikuvunjika, akatabasamu, na tarehe 9 Agosti, saa nne asubuhi, akafariki akijiona ameshinda. Binti yake amelia sana, na kati ya uchungu na hasira hajui kipi kimezidi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya mifupa, majirani waliolala nasi sakafuni, na mafundi wenzake wa mtaa mzima. Wateja nao tunawashukuru, ila msomaji amehesabu hapo nje magari kumi na manne yaliyonyooka vizuri mno kwa springi za marehemu, saba yakiwa yamepakia nyuma viti na maturubai ya msiba, hivyo tafadhali shusheni mizigo kabla ya kuondoka, kwa sababu kesho saa moja asubuhi gereji itafunguliwa, kazi ya kwanza ikiwa kung'oa kazi ya marehemu, na aliyecheka siku ile asione haya, aje tu.

Pumzika kwa amani, Baba, na kwa hili usibishe.