Mushipi Usifungwe Mguuni

Tulikuwepo Claude, mume wangu, karibu na mlango; Serge, mdogo wake, ameketi juu ya bidoni la maji upande wa dirisha, mbali kadiri chumba kilivyoruhusu; Mama Charlotte, mwenye nyumba, aliyeleta uji na asiondoke; na mimi Glodie, na Grâce mgongoni mwangu. Ilikuwa dimanche, baada ya misa, hapa Nyakasanza, Bunia. Muzee Ézéchiel, baba mkwe wangu, aliomba tumwinue kidogo kwenye mto, akasema:

Sikilizeni, wanangu, na mnisikilize pamoja, maana nimekwisha kusema na kila mmoja peke yake na maneno yakapotea kama maji ndani ya kikapu. Sina shamba la kuwagawia. Shamba letu lilikuwa ziwa, na nyumba yetu ya Tchomia mnajua ilivyobaki. Kilichopo ni pirogi iliyo kwa rafiki yangu Paul kule ufukoni, kasia mbili, na huu mushipi wa kuvulia ulio juu ya msumari. Uteremshe, Serge. Mpe Claude ncha moja. Usimrushie, mpe mkononi. Haya.

Sasa, Claude, vua soksi ya mguu wa kuume.

Mnaiona ile alama nyeusi inayozunguka kifundo? Niliiona uliporudi kutoka ziwani ukanawa miguu uani, nikanyamaza kwa sababu mke wako alikuwa anacheka na mtoto, na kicheko ni kidogo katika nyumba hii. Unavua peke yako. Unafunga mushipi mguuni ili mikono ishike kasia. Kaka yangu Willy alikuwa na alama kama hiyo. Asubuhi moja ziwa limetulia kabisa, pirogi yake ilirudi yenyewe, kasia ndani, shati lake limekunjwa vizuri. Kapitene, yule samaki mkubwa, akishika ndoano haulizi mwisho wa mushipi kuna nini. Mama yetu aliendelea kumwekea Willy sahani mezani mpaka naye alipokufa.

Kukokota mushipi nyuma ya pirogi si kazi ya mtu mmoja. Babu yenu alinifundisha hivi: mmoja anapiga kasia polepole, kama mtu anayemtembeza mzazi mgonjwa, mwingine anaketi nyuma, mushipi kwenye vidole, anasikiliza. Jiwe linaushusha, kijiko kinang'aa kama kisamaki, na ile pete ndogo ya chuma inazunguka ili mushipi usijisokote. Na pirogi ikitaka kugeuka, mwenye kasia aseme kwanza, “Nageuka.” Mwenye mushipi auachie vidoleni, kisha ajibu, “Geuka.” Kabla ya jibu hakuna kugeuka, hata kama mvua inakuja.

Siku ile Tchomia iliposhambuliwa, Serge hakusema. Bunduki zililia ufukoni, moshi ukapanda upande wa kwetu, akageuza pirogi kwa nguvu zake zote, na mushipi ulikuwa umezunguka vidole vya kaka yake, na kapitene yuko chini. Vidole viwili vikaenda. Claude, hukusema uongo: aligeuza bila kusema. Nawe Serge hukusema uongo: mlimkuta mama yenu ndani ya matete, maji kifuani, mkampandisha, na Micheline wangu akafia hapa Bunia kitandani, ameoshwa, ameimbiwa, hakufa kama wanyama wa porini. Vidole viwili, na mama. Mimi nimeshindwa kuvipima. Nyinyi msivipime.

Lakini mlivipima kwenye matanga yake, mbele ya watu. Claude ukasema, “Weye ulinikata mukono, na sasa unataka tulie pamoja?” Serge akajibu, “Mukono yako iko. Mama ndiye haiko.” Tangu siku ile hamjanywa chai moja. Wahenga walisema ndugu wakigombana ukalime, na wakipatana ukavune. Mimi nimelima miaka yangu ya mwisho yote, na jembe limeniangusha.

Mama Charlotte, maji kidogo. Asante.

Claude, kila unapotaka kushuka ziwani unakuta ndoano zimenolewa na zimefungwa upya, na unaniambia, “Aksanti, papa.” Aksanti ya nini? Macho yangu hayaoni tena vitu vya karibu tangu Pasaka. Sijafunga fundo hata moja. Anayefunga ni Serge. Anakuja ukiwa sokoni, anaficha moto yake, ile pikipiki, nyuma ya nyumba ya Mama Charlotte, anaketi hapo hapo ulipoketi wewe, anafunga yale mafundo ambayo vidole vyako haviwezi tena. Aliniomba, “Papa, usimuambie. Atayakata.” Mama Grâce anajua, alimpa chai na hakuuliza neno.

Usicheke, Serge, nina yako. Kile kichwa cha kapitene kinachofika kwako, mtoto wa jirani anayekileta anasema papa ametuma. Mimi ninayelala hapa, kapitene nimemtoa wapi? Chini ya mto?

Mnatendeana mema kama wezi. Basi, tendeni mchana.

Nagawa sasa. Claude, pirogi na kasia ni zako. Serge, mushipi ni wako, na ndoano, na kile kijiko. Mama yenu alikivunja mpini kwa mkono wake siku kile cha zamani kilipoliwa na kapitene, akasema supu atakoroga na mti. Pirogi bila mushipi ni ubao. Mushipi bila pirogi ni kamba ya kuanikia nguo. Usimuazime, Serge. Akija kukuomba, mwambie, “Mushipi inaenda na mwenyewe.” Nawe Claude, usinunue mwingine, nakuapisha kwa huyo mtoto aliye mgongoni mwa mama yake. Siku ambayo mdogo wako hawezi kushuka, baki nchi kavu, ulime, uchome makaa, ule sombe bila samaki. Kidole kimoja hakivunji chawa, na wewe vimebaki vichache.

Samaki wa kwanza mtakayemtoa pamoja ni wa Mama Charlotte, mzima, na kichwa chake. Alitupokea tukiwa na matope mpaka magotini, na mpaka leo hajatuuliza tutaondoka lini. Usikatae, mama. Mimi ndiye mgonjwa, wagonjwa hawabishiwi.

Njia ya Kasenyi, ya kushuka ziwani, imefungwa tena. Msinipeleke Tchomia. Msimweke mtu hatarini kwa ajili ya mifupa. Nizikeni hapa, karibu na Micheline. Mushipi usiingie kaburini.

Sogeeni. Mkono wako, Claude, ule ule wenye vidole vitatu. Wako, Serge. Mungu awape maji yaliyotulia. Awape kurudi. Watoto wenu wajuane kwa majina. Mama Grâce, binti yangu... ulinigeuza kitandani kila siku, na kila mara ulisema kwanza... nilisikia. Ubarikiwe.

Nimechoka. Nageuka, wanangu.

Mbona kimya... nimesema nageuka.

Claude alimtazama Serge. Wakajibu pamoja, “Geuka, papa.” Nikamlaza upande wa ukuta, kama alivyopenda.

Tulimzika mardi, siku mbili baadaye. Njia ilipofunguliwa, Claude na Serge walishuka Kasenyi kwa moto moja.