Nyumba ya Kamba na Vigingi

Chamgei, ndugu zangu. Na nyinyi vijana mlioketi huko nyuma karibu na dirisha, sogeeni mbele, mimi siumi mtu. Mwenyekiti wetu ameniomba niwaeleze wanachama wapya wa kikundi chetu habari za nyumba ndogo ya kuanzia, ile unayohamia mapema, halafu unaongeza chumba baadaye Mungu akikujalia. Nimekubali. Lakini siwezi kuwaeleza nyumba ninayokaa sasa kabla sijawaeleza ile niliyokaa kwanza, ambayo haikuwa na kuta wala paa. Jina la mtu sitataja. Wengine mko hapa hapa, mtajijua wenyewe.

Mimi, kama mnavyosikia nikiongea, kwetu ni upande wa ziwa. Baba yangu alikuja huku kuchuma chai, na mimi nikakulia kwenye nyumba za kampuni, zile za mstari, ambazo siku ukiacha kazi unaacha na mlango. Nikaolewa na Mkipsigis, dereva wa lori la kubeba majani chai. Mtu wa kucheka, mtu wa mipango. Mama yake akatupa kipande cha shamba juu kidogo ya Roret, mahali chai inafika mpaka kwenye ua. Mume wangu akasimama pale akasema, "Hapa hatujengi kibanda. Tunajenga mara moja, tunamaliza."

Akapima nyumba kubwa. Nawaambia, kubwa! Mpita njia alikuwa akiuliza kama ni shule. Msingi wa mawe ukazunguka pande zote, na ndani akagawanya vyumba kwa vigingi na kamba za fundi: sebule, jikoni, chumba chetu, vyumba vya watoto ambao bado hatujawazaa. Cha binti yetu mdogo alisema atakipima mwisho. Kila kitu tulichokuwa nacho kikaingia kwenye ule msingi, kikaishia hapo. Yeye hakujali. Akitoka kazini anachukua tepu yake ya kupimia, anapima tena kile alichopima jana. Halafu ananitembeza kama mgeni. Nikiruka kamba ananishika mkono akicheka: "Wewe, umepita ukutani! Rudi, tumia mlango." Na mimi ninarudi, ninatumia mlango.

Msimu wa mvua ulipokuja, lori lake liliteleza likaanguka bondeni. Hilo sitalieleza zaidi. Wengi wenu mlikuja kumzika.

Baada ya mazishi nilitoka kwenye chumba tulichokodi sokoni, nikahamia shambani na binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa hajaanza shule. Tulilala kwenye kibanda cha mabati cha kuwekea simiti. Mama mkwe wangu, ambaye hapa sote tunamwita Kogo, yaani bibi, aliniambia niende nikae kwake ng'ambo ya bonde. Nilikataa. Nilimwambia, "Mama, nyumba ninayo."

Ndugu zangu, mnajua ukungu wetu. Jua limewaka vizuri, alasiri mvua inanyesha, inaacha, halafu ukungu unatoka kwenye majani chai polepole, bila upepo, kama unatafuta mtu. Alasiri moja ya namna hiyo nilikuwa nikifua kando ya kibanda. Nikasikia tepu. Mnajua mlio wake: inavutwa, krrrrr, halafu inaachiliwa, tak! Nikaacha kufua. Krrrrr, tak. Ulitoka ndani ya msingi, upande wa chumba chetu. Nikaenda pale na mikono yangu ikiwa na sabuni. Hapakuwa na mtu. Lakini kamba ya mlangoni ilikuwa ikitetemeka, kama vile mtu ameigusa na mguu akipita.

Mtasema niliogopa. Hapana. Nilifurahi, na ile furaha ndiyo inayonitisha mpaka leo.

Nikaanza kufagia ile nyumba. Mvua ikiacha, nafagia sebule, nafagia chumba. Nikapeleka viti viwili sebuleni, na kimoja nikakiacha wazi. Sikuruka kamba tena. Nilipita milangoni tu, hata nikiwa na ndoo ya maji kichwani na mvua inanipiga. Binti yangu akanifuata. Watoto hujifunza haraka. Siku moja nilimwona amesimama kwenye mlango wa chumba chetu, amekunja mikono kwa adabu, anasema, "Chamgei, baba." Akasikiliza kidogo. Kisha akarudi kwangu akizunguka kwa milango, akaniambia, "Baba anasema chumba changu bado hakijapimwa."

Nilimuuliza, "Atakipima lini?"

Hayo ndiyo niliyomuuliza mtoto wangu.

Majirani waliona. Mama aliyekuwa akituletea maziwa akaanza kuyaacha barabarani, juu ya jiwe. Nyasi zilikuwa zimeota ndefu ndani ya vile vyumba, nzuri kabisa, na ng'ombe wa jirani walikuwa wakivunja ua kuja kula majani ya ndizi zangu, lakini hakuna hata mmoja aliyeingia ndani ya msingi. Walifika kwenye mawe wakasimama, wakapuliza pua, wakageuka. Hata kuku hawakuingia. Mwanamke mmoja wa kanisa letu alikuja kunisalimu. Aliniita akiwa barabarani, nami nikamwambia, "Karibu ndani." Alinitazama nilivyoketi pale kwenye kiti katikati ya nyasi, akasema amesahau kitu kwenye jiko, akaenda.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo sielewi mpaka leo.

Asubuhi moja nilikuta chumba kipya. Kilikuwa nje ya msingi, upande wa chai. Vigingi vinne vipya, vimechongwa vizuri, na kamba nyeupe imevutwa ikakaza. Sikuwa nimeviweka mimi. Niliuliza majirani wote baadaye, kila mmoja aliapa. Kilikuwa chumba kidogo sana. Hakikutosha kitanda na kabati. Kilitosha kitu kimoja tu, kirefu kama mtoto, na upana wa kulala. Binti yangu alikiona akapiga makofi. "Chumba changu kimepimwa!"

Nilimshika mkono nikampeleka kibandani, nikamwambia asitoke. Nilifikiri nitaving'oa vile vigingi nikirudi. Nikaenda kuteka maji mtoni.

Nikiwa njiani kurudi, mvua ya mawe ikashuka. Mnaijua ile inayopasua majani chai, mchumaji anakosa kazi wiki nzima. Niliacha mtungi nikakimbia. Kibanda kilikuwa wazi. Nikaita. Nikaingia mlango wa mbele, sebuleni, jikoni, kila chumba, nikizunguka kwa milango, ndugu zangu, kwa milango, na mtoto wangu ananyeshewa mawe! Nikamwona. Alikuwa amelala ndani ya kile chumba kidogo, chali, mikono imenyooka mbavuni, macho wazi, barafu imemjaa kifuani. Nikamvuta. Alisema, "Mama, funga mlango, kuna baridi."

Kijana wa pikipiki alitubeba mpaka hospitali ya Kapkatet. Ilikuwa nimonia. Walimweka kwenye oksijeni, na muuguzi mmoja, mwanamke wa makamo, alikaa naye kama ni wake. Mtoto alipoanza kunywa uji, muuguzi huyo aliniambia, "Nenda nyumbani ulete nguo kavu. Mimi nipo."

Nikaenda. Nilipofika nilishindwa kuingia kibandani. Miguu ilinipeleka sebuleni, nikaketi kwenye kiti changu. Ukungu ulikuwa umeshapanda. Nilikaa tu. Sijui ningekaa mpaka lini.

Ndipo nikasikia, "Hodi."

Alikuwa Kogo. Amevuka bonde kwa miguu, na magoti yake yale mabovu. Amesimama nje ya msingi, mahali hasa pa mlango wa mbele, anagonga hewani na fimbo yake. Hakunicheka. Hakuniita mwendawazimu. Alisubiri mpaka nikasema karibu. Akapita mlangoni, akapangusa miguu, akatazama kile kiti kilichokuwa wazi. Hakukalia. Alikaa chini kwenye nyasi mbele yake, akakisemesha kwa Kipsigis, polepole, kama mama anayemwamsha mtu bila kumshtua.

"Mwanangu, umefanya kazi nyingi. Nyumba ni nzuri, nimeiona. Lakini mtoto ni wa walio hai, na chumba chake tutakipima sisi. Weka tepu chini. Pumzika."

Hata ndege hakulia. Nikasikia karibu na sikio langu mtu akivuta pumzi na kuishusha.

Kogo akainuka. "Haya," akaniambia, "tutoke."

Nikaanza kuelekea mlangoni. Akanizuia na fimbo. "Si huko. Pita hapa." Alinionyesha kamba ya sebule, upande ambao hauna mlango.

"Mama, siwezi. Huo ni ukuta."

"Pita."

"Mama, ni ukuta!"

"Mimi ni mama yake. Yeye alinyonya kwangu. Nakuambia pita."

Ndugu zangu, nawaambia ukweli mbele ya Mungu. Niliinua mguu ukakataa. Nilitokwa na jasho kwenye baridi ile. Kogo akanishika kiuno kama mtoto anayejifunza kutembea, na tukapita pamoja, na kamba ikakatika kwenye mguu wangu. Nikalia kilio ambacho sikulia hata makaburini. Tuliving'oa vile vigingi vinne vya upande wa chai kabla ya kitu kingine chochote, tukavichoma.

Mtoto aliporudi kutoka hospitali tulikaa kwa Kogo. Siku moja Kogo aliniambia, "Mwanamke wa ziwa" (huwa ananiita hivyo akinipenda) "ule msingi ni mkubwa, lakini nyinyi ni wawili. Chagua vyumba viwili tu vya watu walio hai. Vingine vitasubiri."

Hapo sasa ndipo mwenyekiti anataka nifike! Tulichora na majivu juu ya mawe ya msingi. Tulichagua kona ya juu, ambapo maji hayasimami, chumba kimoja cha kulala na kimoja cha kukaa na kupika. Fundi aliniuliza swali ambalo nawaomba nanyi mjiulize: "Chumba cha tatu kitaota upande gani?" Tukakipangia upande wa mashariki. Kwenye ukuta huo akaweka boriti ya zege juu ya mlango ambao haupo bado, na nafasi ya mlango akaiziba na matofali yasiyoshikana na ukuta, ili siku yake ikifika yatoke bila kubomoa nyumba. Paa likawa la kuinama upande mmoja, upande wa juu ukiwa mashariki, ili paa la baadaye liegemee pale. Vyuma vya zege alivyoviacha vikichomoza nje ili chumba hicho kiungwe navyo akavipaka simiti visiliwe na kutu. Choo tukakiweka mbali, mahali ambapo nyumba haitakifikia ikikua. Madirisha hatukuyaweka kwenye ukuta ambao utakuja kuzibwa.

Kina mama wa kikundi hiki mlibeba mchanga kutoka barabarani kwa magunia. Mmoja wenu alikuwa mjamzito na alikataa kukaa chini.

Tulihamia wakati wa ukungu. Jioni ile ya kwanza nilisikia tepu tena. Ilikuwa nje, mbali, upande wa chai. Krrrrr. Nikangoja ule mlio wa kuachiliwa. Haukuja. Tangu siku hiyo sijausikia. Kuna siku, nisiwafiche, ninausikiliza.

Mwaka juzi tuliyatoa yale matofali tukaongeza chumba cha binti yangu. Siku hizi ni mrefu kuliko mimi, na kitandani anajitupa vibaya, miguu huku, kichwa kule, blanketi chini. Huwa nasimama mlangoni nikimtazama hivyo, nashukuru. Sehemu iliyobaki ya msingi nimepanda mboga, sukuma wiki na managu. Ng'ombe wameshaingia humo mara za kutosha, na nimewafukuza kwa furaha.

Namshukuru Mungu. Namshukuru muuguzi yule, popote alipo. Namshukuru fundi, na nyinyi mliobeba mchanga. Na wewe Kogo, umeketi hapo mbele unajifanya husikii: ulinikuta mahali ambapo kila mtu alipaogopa, ukabisha hodi kwa heshima, ndiyo maana nilikubali kutoka na wewe.

Kwa nyinyi wapya, nasikia wawili wenu mmeshapima msingi mkubwa. Sina ubaya na nyumba kubwa. Lakini kabla hujapima, hesabu ni nani anahitaji kulala pakavu msimu huu wa mvua. Mjengee huyo kwanza, umfunike, umfungie mlango. Ukuta mwingine uache na njia ya kufunguka. Jumamosi nitakuwa nyumbani. Njooni muone jinsi ulivyojengwa, na mje na watoto.