Figa la Tatu Lilikuwa Bomu

Bwana apewe sifa, ndugu zangu, na leo apewe zaidi, kwa kuwa nimesimama mbele yenu kwa miguu yangu yote miwili!

Wengi mnanijua. Mimi ni Mwalimu Elisha, ninayefundisha hesabu na Kiingereza katika shule yetu hapa Yombo. Kwetu ni Mpwapwa. Nilimaliza chuo cha ualimu mwaka juzi, nikaletwa huku, nikapanga chumba kwa Bi Mwantumu, yule mama mjane anayeuza vitumbua njia ya kwenda Temeke. Yeye ni mwenyeji wa hapa tangu mababu, na ni Mwislamu. Kanisani haingii, lakini mkigeuka mtamwona amekaa pale nje mlangoni. Amesema amekuja kusikiliza kama nitalitaja lile la kitanda. Bi Mwantumu, nitalitaja!

Ndugu zangu, nyuma ya nyumba ya Bi Mwantumu liko lile pori tunaloliita Shabaha. Wakati wa vita vya Hitla askari walifanyia mazoezi huko, wakipiga makombora tangu asubuhi mpaka jioni. Vita vikaisha, wakakunja mahema, wakaenda zao. Makombora yaliyolipuka yaliacha mashimo. Yasiyolipuka yalijizika mchangani, yakabaki. Hakuna aliyekuja kuyatoa! Watu wakafyeka, wakapanda mihogo juu yake. Mwaka jana mbuzi mmoja alipasuliwa vipande kule mchana kweupe, jua linawaka, watu wakasema ni radi. Radi bila hata wingu moja! Na mimi, msomi wenu, nilipohadithiwa nilitikisa kichwa tu, nikasema maajabu.

Sasa sikilizeni jinsi nilivyojua.

Kila asubuhi nilinunua vitumbua viwili vya chai. Bi Mwantumu huvipanga juu ya ubao mpana uliolazwa juu ya masanduku, na juu ya ubao hutandika kitambaa. Asubuhi moja kitambaa kilikuwa kimefuliwa hakijakauka, na chini ya mafuta nikaona herufi nyekundu za Kiingereza. Nikasoma. Ubao ulisema: hatari, ardhi hii ina mabomu ambayo hayajalipuka, usiingie, usichimbe, usiguse.

Nikamwuliza, "Bi Mwantumu, ubao huu umeutoa wapi?"

"Shabaha. Ulikuwa umesimama peke yake, hauna kazi."

"Unajua umeandikwa nini?"

"Mie nijue Kizungu, mwanangu? Nilidhani ni jina la mwenye shamba."

Ndugu zangu, mnaona? Ubao mmoja, kwa lugha ambayo hapa Yombo tunaisoma watu wanne, na wote wanne hatulimi! Hata fuvu la kichwa hawakuchora. Nikabaki nimeinamia ubao ule, nimeduwaa, na nilipogeuza macho nikaona jiko.

Kwetu Mpwapwa ukitaka mafiga unainama tu, mawe yapo kila mahali. Huku ni mchanga mtupu. Mwanamke wa Yombo anaweza kuzunguka nusu siku asipate jiwe la kukalia chungu. Ndiyo maana wanawake wa hapa hutafuta chochote kizito kisichoungua: kipande cha reli, tofali, chuma. Mafiga mawili ya Bi Mwantumu yalikuwa matumbawe kutoka pwani. La tatu lilikuwa chuma, nene katikati kama papai, limejaa kutu, na mkiani lilikuwa na mapezi mafupi yaliyopindika. Lilikuwa limezikwa nusu mchangani ili lisiyumbe, na makaa yalikuwa yamelizunguka.

"Hilo nililipata nikichimba mihogo," akasema Bi Mwantumu, maana aliniona ninaliangalia. "Zuri, eh? Halipasuki kama mawe ya pwani."

Nilijua. Msinifariji, ndugu zangu, nilijua! Nikasema asante, nikachukua vitumbua vyangu, nikaenda shule.

Mtauliza kwa nini sikusema. Nami nimejiuliza mara nyingi kuliko ninyi. Niliwaza, pengine ni kombora tupu la mazoezi, lililojazwa mchanga. Nikawaza, amelipikia miezi saba na halijafanya kitu. Nikawaza, nikisema ni bomu nalo ni chuma tu, watoto darasani wataniita Bwana Bomu mpaka nizeeke. Nikawaza, mgeni wa bara, Mkristo, nimwambie mama wa watu jiko lake ni haramu? Nikawaza, serikali ikisikia mwalimu anatangaza habari za mabomu, wataona ninafanya fitina. Kila wazo lilikuwa na akili. Yote kwa pamoja yalikuwa woga.

Na jioni ile nilifanya jambo ninaloona haya hata sasa. Nilihamisha kitanda. Jiko lilikuwa nyuma ya ukuta wa upande wa kichwa changu, basi nikakiburuta kitanda mpaka ukuta wa pili, na katikati nikaweka sanduku la vitabu. Bi Mwantumu akasikia mburuto, akauliza kutoka uani, "Mwalimu, unapigana na nani humo?"

Nikajibu, "Kunguni."

Nikamwacha yeye alale palepale alipokuwa amelala, hatua sita kutoka jikoni. Na kwa siku kumi na moja nikaendelea kula vitumbua vyake.

Kweli sikukaa bure. Niliandika barua kwa serikali. Niliandika, nikachana, nikaandika tena, kwa kuwa sikuwa na hakika kama nianze na "ninayo heshima" au "kwa heshima na taadhima." Siku ya saba nikaona barua hazimaliziki, nikaenda mjini mwenyewe kwa miguu. Ofisi ya kwanza karani akaniambia mabomu ni mambo ya jeshi. Nikaenda kwa jeshi. Askari wa getini akaniambia jeshi lilikwisha kuirudisha ardhi kwa serikali, kwa hiyo kilichomo ni cha serikali. Nikarudi kwa karani siku ya pili yake. Akafungua faili, akatabasamu, akasema, "Lakini mwalimu, ubao si tumeweka?"

Nikasema, "Bwana, ubao unauzia vitumbua."

"Basi huyo mama ameiba mali ya serikali. Jina lake nani?"

Ndugu zangu! Nilikwenda kumtafutia mama wa watu uzima, nikakaribia kumtafutia kifungo! Sikutaja jina. Nilitoka pale nimekasirika mpaka meno yananiuma, nikarudi Yombo, na Bi Mwantumu akanikaribisha kwa kitumbua cha moto. Nikakila. Nilikuwa na hasira na kila mtu, na ile iliyonistahili mimi niliigawa kwa karani.

Siku ya kumi na moja Bi Mwantumu akaniambia, kwa furaha, kwamba ameagizwa vitumbua vya maulidi. Ingekuwa kesho yake, Jumamosi. Moto ungewaka tangu alfajiri mpaka adhuhuri, na majirani wanne wangekuja kumsaidia. Zamani moto wake ulikuwa wa saa moja tu, kisha unazimwa. Sasa saa saba, na kuni za kutosha! Nilirudi chumbani, nikaketi kitandani, na kwa mara ya kwanza akili yangu haikuleta wazo lolote.

Asubuhi niliamka, moto umekwisha kushika. Wanawake watano wamelizunguka jiko, mmoja anakoroga unga, mwingine anakuna nazi, wanacheka. Lile figa la chuma upande mmoja limeanza kubadilika rangi. Nikatoka vilevile nilivyokuwa, shuka kiunoni.

Nikasema, "Shikamooni. Tafadhali ondokeni hapo. Hilo figa ni bomu."

Wakatazamana, wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Mwalimu leo hakupewa cha bure!" Mwingine akasema, "Bomu! Na mimi nazi yangu ni mzinga!"

Nikawaeleza habari za ubao. Nikawatafsiria neno kwa neno. Bi Mwantumu akasema, "Mwanangu, miezi saba napika hapa. Wazungu hawataki tulime tu, wameandika uongo wao. Nenda kavae nguo." Akamimina unga.

Nikamshika mkono nimvute. Mnajua kwa watu wa hapa ni jambo gani, kijana wa kando kumkamata mkono mama mjane mbele za watu! Akanipiga upawa wa unga usoni. Majirani wakasimama, na sasa hawakucheka tena.

Ndugu zangu, nilikuwa nimekwisha. Kiingereza kilishindwa. Tafsiri ilishindwa. Nguvu zilishindwa. Nikapiga magoti pale pale mchangani, unga unanitiririka, nikasema, "Bwana, nipe neno moja tu ambalo watalisadiki!" Na neno lilikuja upesi, kabla sijasema amina, nami sikulitaka. Kati ya maneno yote ya duniani, ndilo nililokuwa nimelificha kuliko yote.

Nikasema, "Bi Mwantumu, hakukuwa na kunguni. Nilihamisha kitanda kwa sababu ya hilo figa."

Akaacha kumimina.

"Ulihamisha lini?"

"Leo siku ya kumi na mbili."

"Ukajitenga nalo wewe. Mimi ukaniacha."

"Ndiyo, mama."

Alinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo, na naomba Mungu nisitazamwe tena. Kisha akageuka kwa wenzake, akasema kwa sauti ndogo, "Tokeni. Huyu hadanganyi. Mtu hawezi kujitungia aibu kama hii." Akaacha unga, akaacha kikaango juu ya moto, akaacha vitumbua vya watu vikiungua, akatoka uani akiwasukuma wenzake mbele yake. Mmoja alitaka kurudi amwage maji. Hapo Koplo Yakobo, huyu ndugu yetu aliyepigana Burma, alikuwa anapita njiani na baiskeli yake, akasikia, akachungulia juu ya ua, akapiga kelele, "Usimwage maji! Usirudi! Moto ufe wenyewe!" Tukakaa mbali, nyuma ya ukuta wa shule, mpaka moshi ukakatika. Halikulipuka. Mimi naliita hilo mkono wa Mungu, na Koplo Yakobo, ambaye ameyaona mengi, analiita hivyo pia.

Je, mnadhani nilishangiliwa? Nilimweleza Bi Mwantumu na habari za karani, naye hakusema nami siku mbili. Siku ya tatu aligonga mlango wangu, amevaa buibui, ubao uko kichwani, akasema, "Twende huko kwa karani wako."

Tukaenda. Aliingia ofisini bila kuitwa, akauweka ubao juu ya meza ya karani, juu ya makaratasi yake, na mafuta yote ya vitumbua. Akasema, "Mwizi ndiye mie. Sasa nisomee mlichoniandikia."

Karani akasema umeandikwa kwa Kiingereza.

"Najua. Nisomee kwa lugha nitakayokufa nayo."

Karani yule akasoma. Alianza kwa sauti ya ofisi, akamaliza kwa sauti ya mtoto wa mtu. Watu waliokuwa wamepanga foleni walisikia. Mzungu wake akatoka chumba cha ndani kuuliza kuna nini, na karani, nampa haki yake, akamweleza yote.

Alhamisi iliyopita wanajeshi walikuja na gari. Wakatuhamisha wote, wakalifungia figa waya, wakalala kifudifudi mbali. Mliusikia mshindo wenyewe, maana hapa kanisani dirisha lile lilianguka. Pale jiko lilipokuwa, pana shimo mtu mzima anaingia mpaka kifuani. Bi Mwantumu alisimama ukingoni akahesabu wenzake wanne kwa vidole, kisha akajigusa kifua mwenyewe, akakaa chini.

Utukufu kwa Mungu! Lakini ndugu zangu, msiseme amina bado, maana sijamaliza kuudhika. Walilipua lile moja, wakapanda gari, wakaondoka! Nikamkimbilia mkubwa wao, nikamwonyesha Shabaha yote, nikamwambia mengine yapo. Akasema aliagizwa bomu moja. Moja! Nikamwomba basi aweke ubao kwa Kiswahili. Akasema niandike barua.

Sitaandika. Mungu ameniponya barua. Alichonifundisha ni kwamba nilikuwa ninamngojea Yeye, na Yeye alikuwa ananingojea mimi nifungue kinywa. Wewe uliyekaa hapo na jambo moyoni, unalipima, unaligeuza, unatafuta namna ya kulisema bila kuumbuka, mtumaini leo! Aibu yako atajua kuitumia.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Bi Mwantumu, aliyenisamehe kwa maneno na anaendelea kunisamehe kwa vitendo, pole pole. Jumatatu asubuhi yeye na mimi na Koplo Yakobo tunarudi ofisini kudai Shabaha yote isafishwe, futi kwa futi. Waislamu wa msikiti wa pale juu wamekwisha kuahidi watu. Nawaomba na ninyi mje, wengi, mkae barazani mpaka tujibiwe. Masika yako mlangoni. Na ninyi wenye mashamba kule, nawasihi kwa jina la Yesu, hata mvua ikinyesha kesho, msitie jembe mpaka tutakaporudi.